Je, Wajua? Mhikori, mti unaoanza kazi chini ya ardhi

Safari hii tumevuka bahari hadi mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Quebec na Ontario huko Kanada mpaka milima ya Meksiko. Huko ndiko kwao mhikori, mti wa ukoo mmoja na mjozi. Wenye makazi ya ekari kadhaa wanaupenda kwa sababu unataka nafasi, na ukipewa unaijaza: mita 25 na zaidi kwenda juu, na majani yanayogeuka rangi ya dhahabu kila vuli. Wasomaji wetu walioko Kentucky, Ohio au Iowa huenda wanapita chini yake kila siku. Wakimaliza kusoma hapa, naamini watainua macho.

Mche unaonekana mdogo, kumbe umeshazama karibu mita nzima

Katika miaka 3 ya kwanza, mzizi mkuu wa mhikori-magamba, ambao wataalamu huuita *Carya ovata*, unaweza kuzama sentimita 60 hadi 90 ardhini. Juu ya udongo huoni cha kujivunia: kijiti chenye majani machache ambacho mkata nyasi asiye makini atakipitia bila kujua. Mti huu hutafuta maji kwanza, kukua baadaye, na ndiyo sababu ukishashika hausumbuliwi kirahisi na ukame.

Hiyo pia ndiyo sababu si rahisi kuupata kwenye maduka ya miche. Ukiung'oa kuuhamisha, unaukata mzizi uliofanyiwa kazi kwa miaka. Wapandaji wengi wazoefu huzika kokwa moja kwa moja mahali ambapo mti utaishi. Wengine hukuza miche katika vyombo vyenye matundu chini: ncha ya mzizi ikikutana na hewa hukauka, na mizizi ya pembeni huchipuka kwa wingi, hivyo mche huhama bila kupata pigo kubwa.

Makokwa hulazwa kwenye friji kabla ya kupandwa

Kokwa la mhikori huhitaji siku kama 90 hadi 120 za baridi yenye unyevunyevu, kati ya nyuzi 1 na 5 za selsiasi, ndipo likubali kuota vizuri. Msituni kazi hiyo hufanywa na majira ya baridi, kokwa likiwa limefunikwa na majani makavu. Nyumbani hufanywa na friji: makokwa huchanganywa na mchanga uliolowa kidogo, hutiwa kwenye mfuko, na huachwa hadi machipuko. Hitaji hilo la baridi ni kinga ya ajabu, maana kokwa lingeota vuli, mche wake ungekutana na barafu ukiwa na wiki chache tu.

Kabla ya hapo kuna mtihani wa ndoo. Mimina makokwa kwenye maji: yanayozama kwa kawaida ni mazima, yanayoelea mengi yao ni matupu au yameliwa ndani. Yaliyofaulu huzikwa sentimita 3 hadi 5 na kufunikwa kwa wavu wa chuma, la sivyo kindi watayafukua.

Mdudu mwenye mdomo mrefu kuliko mwili wake

Aliyekula ndani ya yale makokwa yanayoelea mara nyingi ni fukusi, na jike wa fukusi wa pekani ana mdomo uliochongoka unaozidi urefu wa mwili wake wote. Anautumia kama keekee: anatoboa kokwa likiwa bado mtini, anageuka, na kutaga mayai ndani ya tundu. Funza wanakua wakila kiini, kisha wanatafuna njia ya kutokea. Ukiokota kokwa lenye tundu dogo, la mviringo kamili, ujue mwenyeji ameshahama na sasa amejichimbia ardhini, ambako atakaa mwaka mmoja au miwili kabla hata ya kuanza kugeuka mdudu kamili.

Miaka 40 kabla ya mavuno ya maana

Mhikori-magamba wa msituni huanza kuzaa kwa wingi ukifikia umri wa miaka kama 40. Kipindi chake kizuri ni kati ya miaka 60 na 200, na baadhi huendelea kuzaa hadi miaka 300. Hata hapo hauzai sawasawa kila mwaka: mavuno mazuri huja baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na katikati mti unapumzika. Mhikori wenye miaka 250 leo ulikuwa mche wakati Marekani inatangaza uhuru wake mwaka 1776.

Pekani unayoiona kwenye keki ni hikori

Watu wengi wanaijua pekani bila kujua kwamba mti wake, *Carya illinoinensis*, ni mmoja wa mihikori. Asili yake ni mabonde ya mto Mississippi, Texas na kaskazini ya Meksiko. Lakini pekani za porini hazifanani: mti huu kokwa lake dogo, ule ganda lake gumu, na ukipanda kokwa la mti mzuri huna uhakika wa kupata mti kama mama yake.

Aliyetegua kitendawili hicho alikuwa mtumwa. Katikati ya miaka ya 1840, kwenye shamba kubwa la Oak Alley huko Louisiana, mtunza bustani ambaye kumbukumbu zimemhifadhi kwa jina moja tu, Antoine, alifaulu kubebesha miti 16 ya pekani kwa vikonyo vya mti mmoja bora. Kila tawi lililoshika likawa nakala ya mti ule: ganda jembamba, kokwa kubwa. Pekani za uzao huo zilitunukiwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, zikapewa jina la Centennial kwa heshima ya miaka 100 ya taifa. Mashamba ya pekani ya leo, pamoja na mamia ya aina zake zenye majina, yamesimama juu ya ufundi huohuo wa kubebesha. Jina la Antoine linastahili kutajwa kila pekani inapotajwa, nami nalitaja kwa furaha.

Gavana aliyekataa mnara wa mawe

James Hogg, gavana wa Texas kuanzia 1891 hadi 1895, aliomba kwamba akifa asijengewe mnara. Alitaka apandiwe mpekani kichwani na mjozi miguuni, na makokwa ya miti hiyo yagawiwe watu wa kawaida wakapande, ili Texas iwe nchi ya miti. Alifariki mwaka 1906, akapandiwa. Mwaka 1919 mpekani ukatangazwa kuwa mti rasmi wa jimbo hilo.

Kinu, mchi, na tui lisilotokana na nazi

Wacherokee, wenyeji wa asili wa mashariki ya Marekani, hawakuhangaika kuchokoa kiini kwenye ganda gumu la hikori: walitwanga vyote pamoja. Kinu kilikuwa kigogo kilichochimbwa shimo, mchi ulikuwa wa mti mzito. Makokwa yakipondeka sana, mafuta hutoka na ule mchanganyiko hushikana wenyewe, ukafinyangwa madonge ya ukubwa wa ngumi na kuwekwa mahali pa baridi. Siku ya kupika, donge hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Linayeyuka polepole, vipande vya ganda vinazama, kisha supu huchujwa kwa kitambaa. Kinachobaki kwenye sufuria ni cheupe, kizito, chenye mafuta yanayong'aa juu. Mtu wa Pwani akikitazama ataagiza samaki waletwe, maana ni tui tupu. Wenyewe hukiita kanuchi, na hukila na mahindi yaliyokobolewa au wali, kwa chumvi au kwa sukari.

Si ajabu waliuthamini. Gramu 100 za kiini kikavu cha hikori zina kalori kama 657, na gramu 64 kati ya hizo 100 ni mafuta. Unga wa mahindi wa uzito huohuo una kalori kama 360. Mtaalamu wa mimea William Bartram, katika kitabu chake cha mwaka 1791 kuhusu safari zake za kusini, aliandika kwamba aliwahi kuona familia moja ya wenyeji wa asili ikiwa na akiba ya zaidi ya bushel 100 za hikori. Hizo ni zaidi ya lita 3,500, yaani zaidi ya madebe 175 ya lita 20.

Rais aliyeitwa Hikori

Andrew Jackson, rais wa 7 wa Marekani, ndiye mtu ambaye uso wake uko kwenye noti ya dola 20. Mwaka 1813, akiongoza wanajeshi wa kujitolea kurudi Tennessee kutoka Natchez, aliwaachia wagonjwa farasi wake na kutembea kwa miguu. Askari wake wakamwita Hikori Mzee kwa ukakamavu wake, na wakati wa kampeni wafuasi wake walisimamisha milingoti ya mihikori mijini na vijijini.

Mtu huyohuyo, mwaka 1830, alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka mashariki. Mwaka 1838 Wacherokee wakatolewa makwao kwa mtutu wa bunduki na kusukumwa magharibi, na maelfu yao walikufa. Waliofika Oklahoma walikuwa bado wanajua kutwanga kanuchi, na wajukuu wao wanaitwanga hadi leo. Kati ya Jackson na Wacherokee, kwangu mimi wenye haki ya kubeba jina la mti huu ni hao wa pili.

Popo wa gramu 7 analea mtoto nyuma ya gome

Gome la mhikori-magamba hujibandua kwa vipande virefu vilivyojikunja nchani, kana kwamba mti unavua nguo na haumalizi. Nyuma ya vipande hivyo, kwenye upenyo usiotosha hata kidole, hujibana popo wa Indiana, mnyama mwenye uzito wa gramu kama 7 ambaye Marekani ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1967. Majike hukusanyika kwa makumi wakati wa kiangazi, kila mmoja akilea mtoto mmoja tu kwa mwaka, na usiku hutoka kuwinda wadudu warukao. Wenye viwanja vikubwa wanaojua hili hawaparui gome la mti wao ili kuufanya nadhifu.

Kiwavi wa sentimita 14 anayetisha bure

Ana rangi ya kijani, pembe za rangi ya chungwa zenye ncha nyeusi, na unene wa kidole cha mtu mzima, na hana madhara yoyote. Ni kiwavi wa nondo *Citheronia regalis*, mlaji mashuhuri wa majani ya mhikori na mmoja wa viwavi wakubwa kabisa Amerika Kaskazini. Akishiba, mwishoni mwa kiangazi, huteremka mtini na kuzurura kwenye nyasi akitafuta mahali pa kuchimba, na hapo ndipo watu humkuta na kupiga kelele. Ukimkuta, mwache apite. Ameshamaliza kula, anatafuta chumba cha kulala, na atakapotoka akiwa nondo hatakula tena mpaka afe.

Mhikori hulisha pia viwavi wa nondo luna, yule wa kijani hafifu mwenye mikia mirefu, ambaye akikomaa huishi kama wiki moja. Huyu ana ndugu Afrika Mashariki: *Argema mimosae*, wa manjano ya kijani, mwenye mikia mirefu zaidi, anayepatikana Kenya na Tanzania. Wote wawili hawana mdomo wa kulia chakula.

Kiota kimoja, viwavi 6,000

Ndege mdogo aitwaye chikadii, mwenye uzito wa gramu kama 10 tu, huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea makinda wa kiota kimoja. Mtaalamu wa wadudu Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyeieneza hesabu hiyo, ameihesabu mihikori kuwa mwenyeji wa aina zipatazo 200 za viwavi wa vipepeo na nondo. Mti wa mapambo ulioletwa kutoka bara lingine unaweza kupendeza macho, lakini viwavi wa hapo wengi hawajui kuula, na ndege hawapati kitu. Hii ndiyo hoja inayonivutia kuliko zote kwa mwenye ardhi: mti mmoja wa asili ni shamba la chakula cha ndege, bila kulima.

Umeusikia kwenye muziki wa dansi

Sehemu kubwa ya vijiti vya kupigia dramu duniani hutengenezwa kwa mhikori. Mbao zake kavu huwa na uzito wa kama kilo 800 kwa mita ya ujazo. Mpingo wetu unazishinda mbali, kwa kilo kama 1,270. Lakini mhikori una sifa ya pekee, nayo ni kumeza mshtuko: unapigwa, unapinda kidogo, unarudi, haupasuki. Ndiyo maana mipini mingi ya mashoka na nyundo Marekani ni ya mhikori, na spoki za magurudumu ya mikokoteni zilikuwa za mhikori.

Michezo nayo ilijengwa juu yake. Babe Ruth, gwiji wa besiboli, alipiga kwa magongo ya mhikori yenye uzito wa zaidi ya kilo 1. Fito za magongo ya gofu zilikuwa za mhikori mpaka chuma kiliporuhusiwa, Marekani mwaka 1924 na Uingereza mwaka 1929. Na bado mchezaji gofu Bobby Jones alitwaa mataji yote manne makubwa mwaka 1930 akiwa na fito za mti.

Kokwa chungu, mafuta matamu

Mhikori mchungu, *Carya cordiformis*, hutambulika hata wakati wa baridi kwa vichipukizi vyake vya manjano kali kama kiberiti cha unga. Kokwa lake lina uchungu unaomfanya hata kindi alipite akitafuta lingine. Lakini uchungu huo hauyeyuki kwenye mafuta. Ukikamua kiini, uchungu unabaki kwenye mashudu, na mafuta yanatoka laini, yenye ladha ya kokwa lililokaangwa. Walowezi wa zamani waliyatia kwenye taa.

Gome hupikwa sharubati

Vipande vya gome la mhikori-magamba vilivyoanguka huoshwa, huokwa mpaka vinukie, huchemshwa, na maji yake hupikwa na sukari hadi yawe sharubati nzito yenye harufu ya moshi. Kuni zake nazo ndizo zilizoipa bekoni na nyama za kubanikwa za kusini mwa Marekani harufu yake maarufu.

Ulaya ilikuwa nayo, ikaipoteza

Mabaki ya kale yanaonyesha kwamba mihikori iliwahi kuota Ulaya. Enzi za barafu zilipoingia, misitu ilitakiwa kurudi kusini, na huko ikazuiwa na milima ya Alps na bahari ya Mediterania. Amerika milima mikubwa imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo miti ilipata njia ya kukimbilia na kurejea. Asia nayo ilibaki na mihikori yake: huko Lin'an, katika jimbo la Zhejiang nchini China, makokwa ya *Carya cathayensis* ni kitafunwa maarufu hadi leo.

Msitu ulipofiwa, mhikori ulipanda cheo

Mwaka 1904 kuvu kutoka Asia liligunduliwa kwenye michestinati ya New York, na katika miongo michache likaua miti inayokadiriwa kuwa bilioni 3 hadi 4. Katika sehemu nyingi za milima ya Appalachia, mialoni na mihikori ndiyo iliyoziba pengo, ikawa tegemeo la wanyama waliokuwa wakiishi kwa chestinati.

Maua ya mti mmoja hayakutani

Mhikori una maua ya kiume na ya kike kwenye mti uleule, lakini kwa kawaida hayakomai kwa wakati mmoja. Chavua hubebwa na upepo kutoka kwenye vishada vya kijani vinavyoning'inia vitatuvitatu, na mti wako ukiwa tayari kutoa, huenda hauko tayari kupokea. Kwa hiyo panda miwili au zaidi ya aina ileile, isitokane yote na mti mmoja uliobebeshwa, na uiachanishe mita 12 hadi 15 maana vichwa vyake hutanuka.

Na iwe mbali na maegesho. Kokwa la mhikori-magamba likidondoka kutoka mita 20 juu, likiwa bado na ganda lake la nje, huacha alama kwenye boneti ya gari. Upande wa nyuma wa nyumba, penye nyasi zisizokatwa mara kwa mara, ndipo panapoufaa, na vuli ikifika utawahi na ndoo mapema asubuhi, kabla kindi hawajaamka.